Nimefaulu, Lakini Nimefelishwa

Siku matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani, yafaa mtu asimame kando kidogo na kusikiliza vitenzi. Aliyefanya vizuri husema "nimefaulu" au "nimepata themanini", naye ndiye mtendaji wa kila kitu katika sentensi yake. Aliyefanya vibaya husema "nimefelishwa", au "mwalimu kanipa thelathini", kana kwamba alama ni kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu mwingine kikatua mkononi mwake bila yeye kuhusika. Ingia sasa katika chumba cha walimu, uone sarufi inavyogeuka juu chini: huko kitenzi kinachotamkwa kwa fahari ni "kufaulisha", kwamba safari hii tumefaulisha darasa karibu zima, ilhali walioanguka walianguka wenyewe. "Wamefeli," husema mwalimu, na ni nadra sana kumsikia akisema "nimefelisha". Kiambishi kimoja cha kusababisha kinahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa kufuata sifa na lawama, na popote kilipotua unaweza kukisia nani anajitwalia heshima na nani anajivua aibu.

Wahenga waliliona hilo zamani waliposema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na wapo wasomaji ambao wangependa makala kama hii iishie hapo: binadamu hujisifu kwa mema na kutafuta wa kumtwisha mabaya, mwanafunzi ajirekebishe, mwalimu ajirekebishe, basi. Mimi sidhani kwamba kusingizia jua ndiko kunakotuharibia zaidi. Mwanafunzi anayesema mtihani ulikuwa mgumu, au kwamba mwalimu ana chuki naye, huenda anajidanganya, lakini angalau amejibakizia uwezekano kwamba mtihani ujao utakuwa mwepesi na mwalimu ajaye atakuwa mwema. Kauli zinazoua ni nyingine, na kwa kawaida huja zimevaa mavazi ya heshima: "uwezo wake ndio huo" na "huyu hana bidii". Ya kwanza huonekana kuwa huruma na ya pili huonekana kuwa malezi, lakini zote mbili hufunga faili kabla halijasomwa.

Wanasaikolojia wamelishughulikia jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Fritz Heider, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958 kwamba mtu wa kawaida naye ni mwanasaikolojia wa aina yake, kwa sababu kila tukio lenye uzito kwake hulitafutia chanzo, na chanzo hicho hukiweka ama ndani ya mhusika ama nje yake. Bernard Weiner, wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, akalichukua wazo hilo na kulipeleka darasani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alianza na sababu nne ambazo watu huzitaja mara kwa mara, yaani uwezo, juhudi, ugumu wa kazi na bahati, kisha akaonyesha kwamba orodha yenyewe haina uzito mkubwa kama maswali matatu yanayoweza kuulizwa juu ya sababu yoyote ile. Je, iko ndani ya mtu au nje yake? Je, ni ya kudumu au hubadilika? Na je, kuna mtu mwenye uwezo wa kuidhibiti?

Kila swali lina kazi yake. Swali la ndani au nje ndilo linaloamua kama mtu atatembea kifua mbele, kwa maana hakuna anayejivunia mtihani uliokuwa mwepesi kwa kila mtu. Swali la kudumu ndilo linalotawala matarajio, kwani kama kilichoniangusha leo kitakuwepo na kesho, sina sababu ya kuingoja kesho kwa hamu. Swali la udhibiti, kwa upande wake, hutenganisha majuto na haya, hisia mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa ingawa hutenda kazi kinyume. Mwenye majuto anajua kuna jambo alilopaswa kulifanya na hakulifanya, kwa hiyo majuto humrudisha kazini. Mwenye haya anaamini kwamba kasoro ni yeye mwenyewe, kwa hiyo haya humtafutia mahali pa kujificha. Chukua wanafunzi wawili waliopata alama 30 katika karatasi ile ile, mmoja akasema "sikuzigusa sura mbili za mwisho", mwingine akasema "hesabu hazinipandi". Alama ni zile zile, lakini wa kwanza ana kazi ya jioni hii, ilhali wa pili hana hata sababu ya kufungua daftari. Tukimwona keshokutwa ameketi nyuma akichorachora meza kwa kalamu tutamwita mvivu, na kwa kufanya hivyo tutakuwa tumeyachukua matokeo ya maelezo yake tukayaita chanzo cha kufeli kwake.

Hapo ndipo neno "bidii" linapohitaji kutazamwa kwa karibu zaidi kuliko tulivyozoea. Sina ugomvi na bidii yenyewe. Nina ugomvi na desturi ya kuifanya kuwa jibu la kila swali. Mwaka 1970 Weiner na mwenzake Andy Kukla waliwataka watu wajiweke katika nafasi ya mwalimu na kugawa tuzo na adhabu kwa wanafunzi waliotofautiana katika uwezo, juhudi na matokeo. Juhudi ilikuwa na uzito mkubwa kuliko uwezo: aliyeadhibiwa vikali zaidi alikuwa mwenye uwezo aliyefeli kwa kutojitahidi, na aliyetuzwa zaidi alikuwa mwenye uwezo mdogo aliyejikakamua hadi akafaulu. Hukumu hiyo inaonekana ya haki, na karibu kila mwalimu niliyewahi kufanya naye kazi angeitia saini bila kusita.

Tatizo ni kwamba ukiketi upande wa pili wa dawati, hesabu hubadilika. Martin Covington na Carol Omelich waliandika mwaka 1979 kwamba juhudi shuleni ni upanga ukatao kuwili. Mwanafunzi asiyejitahidi akifeli, mwalimu humkasirikia. Lakini mwanafunzi aliyejitahidi kwa nguvu zake zote akafeli amebaki bila pa kujifichia, kwa sababu sababu pekee iliyosalia ni kwamba hana akili. Ndiyo maana mlangoni mwa chumba cha mtihani hukosi kumsikia mtu akitangaza kwa sauti, "mimi hata kitabu sijafungua", na wenzake wanacheka, na yeye anacheka, hata kama usiku uliopita alilala saa nane akisoma. Anakata bima. Akifeli, alishasema hakusoma. Akifaulu, basi huyo ni kipaji kisichohitaji jasho. Mwaka 1978 Steven Berglas na Edward Jones walionyesha sura nyingine ya jambo hilo hilo: waliwapa watu maswali, wakawaambia wamefanya vizuri sana, kisha wakawaacha wachague dawa ya kutumia kabla ya jaribio la pili. Wengi kati ya wale ambao maswali yao hayakuwa na jibu la kueleweka, na kwa hiyo hawakujua walifanikiwaje, walichagua dawa iliyosemwa kuwa inavuruga utendaji, hasa wanaume. Mafanikio ambayo mtu hawezi kuyaeleza humtia hofu karibu sawa na kufeli, na ni ajabu kwamba hakuna anayemwita mwanafunzi ofisini kumuuliza kwa nini amefaulu.

Mtoto mdogo hana mtego huu. John Nicholls, katika utafiti wake wa mwaka 1978, aliona kwamba watoto wadogo hawatenganishi juhudi na uwezo: kwao anayefanya kazi sana ndiye mwenye akili, na mwenye akili ndiye anayefanya kazi sana. Ni kadiri wanavyokaribia ujana ndipo wanapoanza kufikiri kwamba kama watu wawili wamepata alama sawa, aliyetoa jasho jingi ndiye mwenye uwezo mdogo. Kwa hiyo kauli "jitahidi, mwanangu" si kauli moja. Kwa mtoto wa miaka saba ni baraka. Kwa wa miaka kumi na minne, hasa ikisemwa mbele ya darasa, inaweza kusikika kama tangazo kwamba wenzake hawahitaji kujitahidi kiasi hicho.

Nimesema kauli ya uwezo huja na sura ya huruma, na hilo halikuwa pambo la maneno. Sandra Graham alichapisha mwaka 1984 jaribio alilolifanya kwa watoto wa darasa la sita waliofelishwa kwa makusudi katika mafumbo. Baadhi yao walionyeshwa hasira kidogo na msimamizi, wengine wakaonyeshwa huruma. Waliohurumiwa ndio walioelekea kuamini kwamba wamefeli kwa kukosa uwezo, ilhali waliokasirikiwa walielekea kuona kwamba hawakujitahidi vya kutosha. Watoto hawakuambiwa chochote kuhusu akili zao. Waliisoma hukumu usoni mwa mtu mzima. Mtafiti wa Kijerumani Wulf-Uwe Meyer alikuwa ameshaonyesha jambo linalofanana na hilo kuhusu sifa: mtu anayesifiwa mno kwa kazi nyepesi, na kwa kosa lile lile asikemewe wakati mwenzake anakemewa, huhitimisha kwamba hatarajiwi kuweza zaidi ya hapo. Hii haina maana kwamba walimu wakasirike zaidi, na ningesikitika kama mtu angeisoma hivyo. Ina maana kwamba mwanafunzi husikiliza kinachodhaniwa juu yake kabla ya kusikiliza kinachosemwa.

Aneeta Rattan, Catherine Good na Carol Dweck walilifuatilia hilo mwaka 2012 kwa kuangalia faraja ambayo walimu huwapa wanaoshindwa hisabati. Mwalimu anayeamini kwamba uwezo wa hisabati ni wa kudumu alikuwa mwepesi kumhukumu mwanafunzi kuwa hana uwezo baada ya jaribio moja tu, na mwepesi pia kumfariji: usijali, si kila mtu ameumbiwa hesabu, utang'ara kwingine, nitakupunguzia kazi za nyumbani. Wanafunzi waliotakiwa kujiweka katika nafasi ya mtu aliyepewa faraja ya namna hiyo walieleza hamasa ndogo na wakatarajia alama za chini zaidi. Hakuna aliyewatukana. Walipewa pole, wakafungiwa mlango taratibu, na aliyeufunga akarudi kwake akiamini amefanya wema.

Mlango huo haufungwi kwa wote kwa kipimo kimoja. Elizabeth Fennema na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1990 kuhusu walimu wa darasa la kwanza, walikuta walimu wakieleza kufaulu kwa wavulana katika hesabu kwa uwezo zaidi kuliko walivyoeleza kufaulu kwa wasichana. Kwa lugha yetu tofauti hiyo imo katika maneno mawili ambayo huenda hata hatuyasikii tunapoyatamka: binti "anajitahidi", kijana "ana kichwa". Zote ni sifa, zote zinaandikwa kwenye ripoti kwa nia njema, lakini moja inasema alichokifanya mtu na nyingine inasema alivyo, na somo likizidi ugumu baadaye kila mmoja atavuna alichopandiwa. Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian, pamoja na wenzao, waliandika katika jarida la Science mwaka 2015 kwamba fani ambazo wataalamu wake wanaamini kuwa mafanikio hutegemea kipaji cha kuzaliwa zina wanawake wachache zaidi miongoni mwa wahitimu wa shahada ya uzamivu nchini Marekani. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba imani hiyo ndiyo iliyowafukuza, lakini baada ya kuusoma sikuweza tena kuandika "anajitahidi" kwenye ripoti bila kusimamisha kalamu.

Na walimu je, wanapojieleza wenyewe? Hapa ushahidi ni wa kuchekesha kidogo. Mwaka 1964 Johnson, Feigenbaum na Weiby waliripoti jaribio ambamo watu waliopewa kazi ya kufundisha hesabu walijitwalia sifa pale mwanafunzi alipopanda, na wakamlaumu mwanafunzi pale alipobaki chini. Miaka kumi baadaye Lee Ross, Günter Bierbrauer na Susan Polly wakarudia swali hilo kwa namna nyingine na kupata kinyume chake: waliofundisha walijibebesha mzigo mkubwa zaidi mwanafunzi aliposhindwa kuliko alipofaulu, na walimu wa kazi walifanya hivyo zaidi ya watu wasio walimu. Watafiti wanaweza kubishana juu ya tofauti za mbinu zao. Mimi ninayeketi vikaoni sioni ukinzani. Mwalimu yule yule anayesema mbele ya wazazi "tutaangalia upya namna tunavyofundisha" ndiye atakayesema dakika ishirini baadaye, akimimina chai, kwamba darasa la mwaka huu ni zito. Maelezo yake hutegemea nani anasikiliza, kama yanavyotegemea kwa mwanafunzi, na kauli ya unyenyekevu inaweza kuwa ya kujilinda kama ilivyo ya kiburi.

Kuna jambo moja zaidi linalowatenganisha, nalo ni mahali kila mmoja alipoketi. Lee Ross, huyo huyo, ndiye aliyeupa jina mwaka 1977 mwelekeo wetu wa kueleza matendo ya wengine kwa tabia zao huku tukiyapuuza mazingira waliyomo, na aliuita kosa la msingi. Mwalimu humwona mwanafunzi darasani tu. Haoni jioni yake, haoni nani anamkatiza anaposoma, haoni kwamba sura ya nne haikueleweka kwa sababu sura ya pili alikuwa mgonjwa. Anachokiona ni kichwa kilichoinama na kazi isiyokwisha, na akilini mwake picha hiyo inakuwa sifa ya mtu. Mwanafunzi naye haoni rundo la karatasi ambalo mwalimu amekesha nalo, wala ratiba iliyomlazimisha kuimaliza sura ya nne ndani ya siku tatu. Anachokiona ni mtu asiyerudia maelezo, na naye anampa sifa ya kudumu: huyu hajali.

Sababu za nje, basi, si visingizio kila zinapotajwa, na hapa nadhani wapenzi wa elimu ya kujituma wana deni la kulipa. Ripoti iliyoongozwa na James Coleman nchini Marekani mwaka 1966, iliyokusanya takwimu za wanafunzi zaidi ya 600,000, ilionyesha kwamba hali ya nyumbani kwa mwanafunzi na ya wenzake anaosoma nao ilieleza tofauti za ufaulu zaidi kuliko vifaa vya shule vilivyoweza kupimwa. Mwanafunzi anayesema "nilisoma kwa kitabu tulichogawana watu sita" hajasingizia jua. Jua kweli halikuwaka. Ukimjibu kwamba anachohitaji ni kubadili mtazamo, umemtwisha yeye mzigo uliopaswa kubebwa na aliyepanga bajeti. Ndiyo maana swali la tatu la Weiner lina thamani kuliko la kwanza: tunapojua kwamba sababu iko nje ya mwanafunzi bado hatujajua kama iko nje ya uwezo wa kila mtu, na mara nyingi yuko mtu mzima mahali fulani ambaye angeweza kuidhibiti.

Tukikubali kwamba maelezo huathiri kinachofuata, je, yanaweza kubadilishwa kwa makusudi? Yanaweza, kwa kiasi. Carol Dweck alichapisha mwaka 1975 jaribio juu ya watoto 12 waliokuwa wakikata tamaa kabisa kila wanapokosea. Nusu yao walipewa kazi walizokuwa wakizifaulu tu, kwa matumaini kwamba ushindi ungewajenga. Nusu nyingine waliachwa wakosee mara kwa mara, na kila walipokosea wakaambiwa kwamba walihitaji kuongeza juhudi. Mwishoni, watoto waliolishwa ushindi mtupu waliendelea kuporomoka walipokutana na kosa, ilhali wale wengine walisimama. Mwaka 1982 Timothy Wilson na Patricia Linville waliwafikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu waliokuwa na wasiwasi juu ya alama zao, wakawaonyesha kwamba ni kawaida alama za mwaka wa kwanza kuwa chini na kupanda baadaye. Hawakuwafundisha somo lolote. Waliwahamishia sababu yao kutoka kwenye kudumu kwenda kwenye kubadilika. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili, asilimia 5 ya kundi hilo walikuwa wameacha chuo, ikilinganishwa na asilimia 25 ya kundi ambalo halikuambiwa hivyo. Makundi yenyewe yalikuwa madogo, kwa hiyo asilimia hizo zishikwe kwa mkono mwepesi.

Mkono huo umethibitika kuwa wa lazima. Wazo hili, katika sura ambayo Dweck aliiita mtazamo wa kukua, yaani imani kwamba uwezo hukuzwa, lilipogeuka kuwa mabango ukutani na semina za siku moja, matarajio yalizidi kipimo. Victoria Sisk na wenzake walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2018 walikuta athari ya wastani ni ndogo sana, ingawa kulikuwa na dalili kwamba wanafunzi walio hatarini hunufaika zaidi. Jaribio kubwa la David Yeager na wenzake, lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2019 na kuwahusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa nchini Marekani, lilipandisha wastani wa wanafunzi wa alama za chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya pointi, na zaidi pale ambapo wanafunzi wenzao darasani hawakuona aibu kujitia katika kazi ngumu. Kwa programu ya mtandaoni isiyochukua hata saa nzima hilo si haba, lakini si muujiza. Dweck mwenyewe alilazimika kuandika mwaka 2015 kuwaonya walimu waliokuwa wakiwasifu wanafunzi kwa juhudi hata pale ambapo hakuna walichojifunza, kana kwamba juhudi ni zawadi ya kufuta machozi.

Nadhani chanzo cha tatizo hilo kilikuwa ndani ya jaribio la mwaka 1975 tangu mwanzo. Wale watoto 12 walikuwa na uwezo wa kuzifanya hesabu walizopewa. Kilichowaangusha ni kukata tamaa, na kwa mtu aliyekata tamaa agizo la kuongeza juhudi ni sahihi. Mara nyingi mwanafunzi aliyeko mbele yetu hajakata tamaa. Anafanya kazi, anaifanya kwa njia isiyofika, na agizo la kuongeza juhudi humwambia akimbie zaidi kwenye barabara ile ile. Craig Anderson na Dennis Jennings walionyesha mwaka 1980, kwa watu waliotakiwa kuwashawishi wengine kwa simu wakubali kuchangia damu, kwamba walioelekezwa kuona kushindwa kwao kama tatizo la mbinu waliendelea kutarajia kufanikiwa na wakaendelea kujirekebisha, tofauti na walioelekezwa kuona tatizo ni uwezo. Mbinu ina sifa ambayo akili na bidii hazina: unaweza kuitazama. Imeandikwa kwenye karatasi ya majibu, hatua kwa hatua, na mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuinamia karatasi hiyo pamoja bila yeyote kati yao kuwa mshtakiwa.

Niliwahi kufundisha hesabu, na katika miaka hiyo niliandika "ongeza bidii" kwenye ripoti nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Jioni moja nilikuwa nasahihisha jaribio la sehemu. Swali la kwanza liliwataka wajumlishe nusu na theluthi, na kwenye karatasi ya mwanafunzi mmoja, ambaye kichwani mwangu nilikuwa nimeshamwandika kuwa mzembe, nikakuta 1/2 + 1/3 = 2/5. Nikapiga mkasi na kuendelea. Swali la pili lilikuwa na kosa la namna hiyo hiyo, na la tatu, hadi la kumi. Hakuna swali lililorukwa, hati ilikuwa safi, na chini ya kila jibu palikuwa na mistari miwili iliyopigwa kwa rula. Nilipofika kwenye rula nikasimama. Mzembe hajisumbui na rula. Huyu alikuwa amefanya kazi jioni nzima ili akose maswali kumi kwa ukamilifu, na ningemwandikia aongeze bidii angenirudishia maswali ishirini yaliyokosewa kwa mistari iliyonyooka zaidi.

Kesho yake nilimwita wakati wa mapumziko, nikamwekea karatasi mezani. Nikamuuliza kipi ni kikubwa, nusu au mbili ya tano. Akafikiri, akajibu nusu. Nikamuuliza, sasa uliichukua nusu, ukaiongezea kitu, ukabaki na pungufu ya nusu, imekuwaje? Akanyamaza, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Nimejumlisha ya juu na ya juu, Mwalimu, halafu ya chini na ya chini."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

Akaniangalia kama mtu anayetafuta namna ya kujibu bila kunivunjia heshima. "Wewe, Mwalimu. Wiki ile ya kuzidisha."

Ni kweli. Nilikuwa nimetanguliza kuzidisha sehemu kabla ya kujumlisha, kwa sababu kuzidisha ni rahisi: ya juu mara ya juu, ya chini mara ya chini, imekwisha. Nilitaka waanze kwa ushindi. Kisha nikaingia kwenye kujumlisha bila kuwaambia kwamba ile njia tuliyoisherehekea juzi haiingii huku, na yeye, kwa kuwa alinisikiliza kwa makini, aliibeba njia yangu mzima mzima na kuitumia mahali isipofaa.

Nilirudi kwenye rundo na kuzipitia karatasi zote upya, safari hii nikitafuta 2/5 peke yake. Zilikuwa tisa. Nikafungua daftari langu la maendeleo nione nilivyokuwa nimewaandika wale tisa jioni iliyotangulia, kosa likiwa lile lile, mwalimu yule yule, wiki ile ile ya kuzidisha. Wanne niliwaandika "hana bidii". Watatu niliwaandika "uwezo mdogo". Mmoja, aliyekuwa amekosa vipindi viwili, nilimwandika "mtoro". Na wa tisa, aliyekuwa akiongoza darasa tangu mwanzo wa mwaka, nilimwandika kwa wino ule ule neno moja: "amepitiwa".